Kwateti namba 8 ya Shostakovich: ni ya wahanga wa vita au ya yeye mwenyewe?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mi najifunza viola, mwaka wa tatu sasa. Tumepewa sehemu ya kwanza na ya nne za Kwateti namba 8 ya Shostakovich tuzipige mi na wenzangu watatu. Kwenye karatasi imeandikwa ni kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, ila mwenzetu wa selo kasoma mahali kwamba jamaa aliiandika kwa ajili yake mwenyewe, na wa fidla ya pili anasema yale mapigo matatu ni askari wa siri wanagonga mlango usiku. Tunabishana kila mazoezi. Ipi ndo kweli, na je inabadilisha namna ya kupiga?"

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kupewa kazi hiyo, na hongera zaidi kwa kubishana, maana kundi linaloipiga hii kwateti, yaani muziki wa fidla mbili, viola na selo, bila ubishi linakuwa bado halijaisikiliza. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu hili swali nimeulizwa mara nyingi na kila nikilijibu kwa mkato naona nimemnyima mtu nusu ya habari. Msimamo wangu nakupa hapahapa mwanzoni halafu ndo nikuoneshe nimeufikiaje: maneno yaliyo kwenye jalada sio uongo, ila ukitaka kujua kazi hii ni ya nani waulize noti wenyewe, na noti zinataja jina la mtu mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Wahanga wa ufashisti wamo humo, lakini wanaingia kwa mlango mmoja tu, na huo mlango ntakuonesha ulipo.

Tuanze na mahali. Julai 1960 Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Kisovieti, alikuwa na miaka 53, akasafiri kwenda Ujerumani Mashariki, wakamweka kwenye kijiji cha mapumziko kinaitwa Gohrisch, kilomita kama 40 hivi kutoka Dresden, eneo la milima ya mawe na misitu, pazuri sana. Alipelekwa kikazi. Rafiki yake Lev Arnshtam alikuwa anatengeneza filamu ya pamoja kati ya Wasovieti na Wajerumani Mashariki, inaitwa Siku Tano, Usiku Tano, inahusu wanajeshi wa Kisovieti waliookoa picha za kuchora za makumbusho ya Dresden mwishoni mwa vita, na Shostakovich ndo alitakiwa aandike muziki wake. Sasa Dresden unaijua habari yake, usiku wa tarehe 13 Februari 1945 na siku mbili zilizofuata ndege za Uingereza na Marekani ziliupiga mji mabomu ukawaka moto, na tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilisema waliokufa wanafikia hadi elfu 25. Mwaka 1960 mji ulikuwa bado una magofu yanaonekana. Kwa hiyo picha ilikuwa rahisi mno kuichora: mtunzi kaenda Dresden, kaona magofu, kaumia moyo, kakaa chini siku tatu, tarehe 12 mpaka 14 Julai, kaandika kwateti ya maombolezo ya vita. Hadithi hiyo ndo iliyoenda kwenye magazeti, kwenye vipeperushi vya matamasha na kwenye majalada ya sahani za santuri, na ndo hiyo uliyoikuta kwenye karatasi yako.

Na kuhusu siku na mahali hakuna ubishi, ni kweli tupu. Kwateti ya sehemu tano zinazopigwa bila kusimama, dakika 20 hivi, kaimaliza kwa siku tatu wakati muziki wa filamu aliotumwa kuufanya ulikuwa haumtoki kabisa.

Lakini rudi nyuma wiki chache, hapo ndo utaona mambo. Mwaka huo wa 1960 kiongozi wa nchi alikuwa Khrushchev, Stalin alishakufa Machi 1953, watu walianza kupumua kidogo, na wakubwa wakataka Shostakovich awe mkuu wa Chama cha Watunzi wa Urusi. Shida ni kwamba ili ukae kwenye kiti hicho lazima uwe mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na yeye maisha yake yote alikuwa ameukwepa uanachama. Alipita salama kwenye miaka ya Stalin, ile ambayo watu walikuwa wanachukuliwa usiku hawarudi, bila kuwa na kadi, halafu mambo yalipolegea ndo wakambana mpaka akakubali. Rafiki yake wa miaka mingi, Isaak Glikman, alisimulia baadae kwamba mwishoni mwa Juni 1960 alimkuta Leningrad katika hali mbaya sana, analia kwa sauti, anasema wamekuwa wakimfuata kwa muda mrefu na sasa wamempata. Wiki mbili tu baadae jamaa yuko Gohrisch na karatasi mbele yake.

Ongeza na yaliyokuwa yamemkuta nyumbani. Mke wake Nina alifariki Desemba 1954, mwaka uliofuata mama yake akafariki, ndoa ya pili ikavunjika mwaka 1959, na toka 1958 mkono wa kulia ulikuwa umeanza kukosa nguvu, na huyu ni mtu aliyekuwa anapiga piano jukwaani mwenyewe. Mwanzoni mwa 1960 hiyohiyo alishamaliza Kwateti namba 7 na akaitoa kwa kumbukumbu ya Nina. Kwa hiyo alipofika Ujerumani alikuwa tayari ndani ya msiba, hakuhitaji magofu ya mji wa watu ndo ajue huzuni ni nini.

Sasa barua. Tarehe 19 Julai 1960, siku tano tu baada ya kumaliza, alimwandikia Glikman. Barua zake kwa Glikman zilichapishwa Urusi mwaka 1993 kwa hiyo leo yeyote anaweza kuzisoma, ila kwa miaka zaidi ya 30 zilikuwa zimekaa kwa mwenyewe tu na dunia ikaendelea na hadithi ya magazeti. Anachosema humo ni hiki, nakupa kwa maneno yangu: alijaribu kuandika muziki wa filamu ukashindikana, badala yake akaandika kwateti ambayo haina faida kwa mtu yeyote wala haina fikra ya kisiasa inayotakiwa. Akawaza kwamba akifa hakuna atakayeandika kazi ya kumkumbuka yeye, basi bora aiandike mwenyewe, na kwenye jalada mtu angeweza kuandika kwamba imetolewa kwa kumbukumbu ya mtunzi wa kwateti hii. Halafu anataja moja baada ya nyingine nyimbo zake mwenyewe alizozirudia humo ndani. Halafu anasema machozi yaliyomtoka wakati anaandika yalikuwa mengi kama mkojo baada ya kunywa bia nusu dazani, na kwamba aliporudi nyumbani alijaribu mara kama mbili kuipiga kwenye piano, akaishia kulia tena.

Hiyo lugha ya mkojo na bia watu wengine inawakwaza, wanasema mbona anadharau kazi yake mwenyewe. Mi naisoma tofauti. Mtu aliyeishi miaka yote ile anajua barua inaweza kufunguliwa njiani, na anajua pia kwamba uchungu ukiuandika ulivyo unakuvunja, kwa hiyo anauvalisha nguo ya maneno ya mtaani. Ukweli wa barua uko kwenye ile orodha ya nyimbo, maana orodha unaweza kuikagua kwenye noti ukaikuta yote imo.

Tuje kwenye noti basi, na hapa chukua karatasi yako ufuatilie. Noti nne za mwanzo ambazo selo inaanza nazo ni D, E flati, C, B. Kwa mtu wa kwaya, ukichukua do iwe C, ni re, halafu mi iliyoshushwa nusu, halafu do, halafu ti ya chini yake. Iimbe polepole, utasikia jinsi inavyozunguka palepale kama mtu aliyefungwa kwenye chumba kidogo, inapanda nusu hatua, inashuka, inashuka tena, haijafika popote. Sasa Wajerumani wana majina yao ya noti, E flati wanaiita Es, ambayo kuitamka ni kama herufi S, na B yetu wanaiita H. Kwa hiyo zile noti nne kwa Kijerumani zinasomeka D, S, C, H, na jina lake likiandikwa Kijerumani linaanza hivyo, D. Sch. Ni sahihi yake. Kajiandika.

Hilo halikuwa jambo geni kwa watunzi. Bach alishafanya hivyohivyo na jina lake, kwa sababu kwa Wajerumani herufi zote nne za BACH ni noti. Na Shostakovich alikuwa mtu wa Bach kwelikweli, mwaka 1950 alikwenda Leipzig kwenye maadhimisho ya miaka 200 toka Bach afariki, akarudi nyumbani akaandika prelude na fuga 24 za piano (fuga ni muziki ambao sauti zinaingia kwa zamu na wimbo uleule). Hii sahihi ya D, S, C, H alishaitumia kwa nguvu kwenye Simfonia namba 10 ya mwaka 1953, mwaka aliokufa Stalin, na kule mwishoni inapigwa na okestra nzima kama mtu anapiga kelele mimi bado nipo. Kwenye kwateti ya nane ni jina lilelile ila sauti imekwisha. Inaanza selo peke yake, halafu wewe wa viola, halafu fidla ya pili, halafu ya kwanza, kila mmoja anaingia na umbo lilelile la noti nne akimfuata mwenzake, hiyo ndo fuga, sawa na kwaya inayofukuzana sauti kwa sauti kuanzia besi kupanda juu. Watu wanne wanalitaja jina moja kwa zamu, polepole, kwa sauti ya chini. Mi siku zote nikifika hapo nahisi niko kwenye nyumba ya msiba na jina la marehemu linapita mdomo kwa mdomo.

Baada ya hapo anaanza kuyapitia maisha yake, na anayapitia kwa kutumia kazi zake. Kwenye sehemu hiyohiyo ya kwanza unapita mwanzo wa Simfonia namba 1, ile aliyoimaliza mwaka 1925 akiwa mwanafunzi, iliyopigwa Leningrad Mei 1926 ikamfanya ajulikane dunia nzima akiwa kijana wa miaka 19. Pale ulikuwa muziki mchangamfu, wa utani. Hapa kaupunguza mwendo umekuwa kama picha ya zamani iliyofifia. Hakubadilisha mengi, ila ile furaha imeondoka yote.

Sehemu ya pili inalipuka bila onyo, kasi ya kutisha, na hapa ndo penye ule mlango niliokuahidi, kwa hiyo naomba nikae kidogo. Katikati ya zile fujo fidla mbili zinatoa kwa nguvu zote wimbo wenye ladha ya Kiyahudi, ule wa densi ambayo ndani yake kuna kilio. Wimbo huo ameutoa kwenye Trio namba 2 ya piano, fidla na selo, aliyoiandika mwaka 1944. Trio yenyewe aliitoa kwa kumbukumbu ya rafiki yake kipenzi Ivan Sollertinsky, aliyefariki ghafla Februari mwaka ule. Lakini 1944 ndo mwaka ambao Jeshi Jekundu, yaani la Wasovieti, liliingia Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, mwezi wa Julai, na habari za kambi za mauaji zikaanza kuwafikia watu wa kawaida, na Trio ilikamilika Agosti. Shostakovich aliupenda sana muziki wa Kiyahudi kwa sababu ya uwezo wake wa kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na aliendelea kuutumia hata miaka ambayo Stalin alikuwa anawaandama Wayahudi na kuutumia kulikuwa hatari. Kwa hiyo wimbo huu unaporudi mwaka 1960, tena ndani ya ardhi ya Ujerumani, ukiwa umegeuzwa kutoka densi ya kukanyagia hadi kuwa mayowe, hapo wahanga wa ufashisti wameingia ndani ya kwateti wazima wazima. Mtu akikwambia maneno ya kwenye jalada ni ya kuwadanganya serikali tu, mpeleke hapa.

Ila angalia pia kilichouzunguka. Ni D, S, C, H, inapigwa huku na huku, juu na chini, kwa mapigo makali. Jina lake liko katikati ya wale waliouawa. Hapo ndo napata jibu langu, kwamba yeye hakuona watu wa aina mbili, wahanga wa vita upande huu na yeye upande ule, alijihesabu kuwa mmoja wao.

Sehemu ya tatu ni waltz, lakini waltz isiyo na furaha, jina lake limegeuzwa densi, na ndani yake unachomoza mwanzo wa Konseto ya kwanza ya selo, kazi ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka, mpiga selo Rostropovich aliipiga mara ya kwanza Leningrad Oktoba 1959. Hapa napita haraka kwa sababu nyinyi hamjapewa sehemu hii. Kikubwa ni mwisho wake, fidla ya kwanza inabaki peke yake imeshika noti moja nyembamba, na kabla hujajua kama sehemu imeisha au la, yanakuja yale mapigo.

Mapigo matatu, mazito, watu watatu pamoja, huku fidla ya kwanza ikiendelea kushika noti yake. Mwenzenu anasema ni askari wa siri mlangoni, wengine wanasema ni mizinga na mabomu ya Dresden. Mtunzi hakuandika popote kwamba ni hiki au kile, wala kwenye barua kwa Glikman hakuyaeleza. Najua kwa nini wazo la mlango linawashika watu. Januari 1936 Stalin alienda kuangalia opera yake ya Lady Macbeth wa Mtsensk, siku mbili baadae, tarehe 28, gazeti la Pravda likatoa makala ya kuiponda kwamba ni vurugu badala ya muziki, opera ikaondolewa majukwaani, na mwaka uliofuata Marshal Tukhachevsky aliyekuwa anamlinda akapigwa risasi. Miaka hiyo kila mtu mwenye jina alikuwa analala sikio moja likiwa mlangoni. Kwa hiyo mtu akisikia mlango sio kwamba kakosea, anasikia kitu ambacho mtunzi alikijua vizuri. Lakini nyinyi mkiwa mnapiga msiamue ni bomu au ni mlango, maana mkishaamua mtaanza kuigiza kelele, na ikishakuwa kelele ya kuigiza msikilizaji ataangalia nje, wakati muziki wote huu unaangalia ndani.

Na kinachokuja baada ya mapigo ndo kinachonifanya niipende kwateti hii kuliko zote 15 alizoandika. Unapita wimbo wa zamani wa wanamapinduzi wa Urusi, uliokuwa unaimbwa kwenye mazishi ya watu waliofia gerezani, maneno yake yanaanza kwa kusema umeteswa na kifungo kizito, umekufa kifo cha heshima. Kila Mrusi wa umri wake aliujua. Fikiria sasa, ni wimbo ambao Chama chenyewe kiliuheshimu, wimbo wa mashujaa wa mapinduzi, na yeye anauimbia mtu ambaye wiki chache nyuma Chama hichohicho kimembana kwenye kona. Hakuna wa kumshika, maana wimbo ni wa kwao.

Halafu selo inapanda juu kabisa, karibu na sauti ya fidla, na kuimba wimbo mmoja laini mno. Huo umetoka kwenye ile opera iliyopondwa, tendo la nne, wafungwa wako njiani kupelekwa Siberia kwa miguu, Katerina, mhusika mkuu, amemhonga mlinzi ili apate dakika chache na mpenzi wake Sergei, anamwita kwa jina la kumbembeleza, Seryozha wangu, na Sergei ameshamchoka, moyo uko kwa mwanamke mwingine. Ni dakika ya mapenzi ya mwisho kabla ya kila kitu kuharibika. Mwaka 1960 opera hiyo ilikuwa bado haijaruhusiwa kurudi jukwaani huko Urusi, ilirudi miaka michache baadae ikiwa imerekebishwa na kupewa jina la Katerina Izmailova. Kwa hiyo alichokifanya ni kumrudisha mtoto wake aliyefungiwa, kwa muda wa hatua chache tu, kwenye selo, bila maneno, mbele ya watu. Mwambie mwenzenu wa selo asiupige wimbo huu kwa kujitoa sana wala mtetemo mwingi wa kidole. Ni mtu anaongea na mpenzi wake huku mlinzi yuko karibu.

Sehemu ya tano inarudi ilikoanzia, fuga ya jina lilelile, ila sasa hakuna tena nyimbo za kukumbuka zinazolikatiza kama mwanzo, ni jina na huzuni yake mpaka linafifia na kupotea.

Sasa yale maneno ya jalada yametoka wapi? Kazi ilipoanza kutangazwa ilitangazwa hivyo, kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, na ilipigwa mara ya kwanza Leningrad tarehe 2 Oktoba 1960 na kundi linaloitwa Kwateti ya Beethoven, wale wazee wa Moscow waliozizindua kwateti zake zote kuanzia ya pili mpaka ya 14. Mwaka 1960 huwezi kuweka kwenye jalada neno kwamba hii ni kumbukumbu ya mimi mtunzi, na huwezi kutoa kazi ya huzuni nzito namna hii bila kuipa sababu inayoruhusiwa. Vita ilikuwa ni huzuni iliyoruhusiwa. Ila kwa nchi iliyopoteza mamilioni ya watu, na kwa mtu aliyekuwa Leningrad wakati Wajerumani wanaanza kuuzingira mji mwaka 1941, vita haikuwa kisingizio cha kuokota njiani.

Utakutana na mengine pia. Mwaka 1979 Solomon Volkov alichapisha Marekani kitabu alichosema ni kumbukumbu za Shostakovich mwenyewe, na humo wanaosema kwateti hii ni ya kuupinga ufashisti tu wanakemewa vikali, lakini mwaka uliofuata mtafiti Laurel Fay alionesha sehemu za kitabu hicho zilizokuwa zimeshachapishwa zamani kwenye majarida ya Urusi, na toka hapo uhalali wake unagombaniwa. Mi sikitumii, na kwa swali hili wala hatukihitaji kwa sababu tunayo barua. Yupo pia Lev Lebedinsky, aliyekuwa rafiki wa mtunzi miaka ile, aliyesema miaka mingi baadae kwamba Shostakovich alikusudia hii iwe kazi yake ya mwisho kisha ajitoe uhai. Ni maneno mazito, ya mtu mmoja, siwezi kuyafanya msingi. Tunachojua ni kwamba aliishi miaka 15 zaidi, akaandika kwateti nyingine saba na simfonia nne.

Na ukikuta sehemu imeandikwa Simfonia ya Chemba opus 110a (opus ni namba ya kazi ya mtunzi) usichanganyikiwe, ni kwateti hiihii opus 110 iliyopanuliwa na Rudolf Barshai iwe ya okestra ya nyuzi, kwa ridhaa ya mtunzi. Inapendeza na inapigwa sana, hata kuliko yenyewe naona. Ila kwangu mi kuna kitu kinapotea, pale sauti ya mtu mmoja inapokuwa sauti ya watu 20 lile jina linakuwa la umma.

Swali lako la mwisho, inabadilisha namna ya kupiga? Inabadilisha sana. Kundi linaloamini ni muziki wa magofu tu huwa linapiga sehemu ya kwanza kwa sauti nene, ya mnara wa kumbukumbu. Nyinyi anzeni kwa sauti ndogo kadri upinde unavyoruhusu lakini isitetereke, na kila mmoja akiingia na zile noti nne asijitutumue kuonekana, analitaja jina halafu anampisha mwenzake. Wewe wa viola ndo wa pili kuingia, kwa hiyo wewe ndo unaamua kama selo alichosema kilikuwa ni wimbo au ni jina. Usiongeze kasi, watu wakiona noti chache kwenye ukurasa huwa wanakimbia. Kwenye sehemu ya nne fidla ya kwanza asihangaike kabisa na mapigo yanayomzunguka, noti yake ikitikisika basi mmepoteza kila kitu, na nyinyi watatu mpige mapigo kwa pamoja kwa kusikilizana pumzi, msihesabu kwa macho.

Kabla ya mazoezi yajayo fanyeni kitu kimoja, kaeni wote wanne msikilize sehemu ya mwisho ya ile Trio ya 1944, nzima, halafu bila kuongea mweke sehemu ya pili ya kwateti. Wimbo wa Kiyahudi ukifika mtautambua wenyewe, na mkishautambua niandikie uniambie kama mlikuwa bado mnabishana.